Tekla Kamugisha na Ukuta wa Mikocheni

Tekla Kamugisha alikwenda hospitali ya Mwananyamala kumwona shangazi yake Margareta, aliyelazwa kwa presha. Wakati huo alikuwa wakili wa viwanja na mirathi. Ndugu waliogombea nyumba ya marehemu baba yao walimjia, na majirani waliosogezeana mipaka walimjia pia, akawaandikia, akawasimamia mahakamani, jioni akarudi kwake Tabata. Aliipenda kazi yake kiasi cha kutosha kuifanya vizuri.

Shangazi Margareta hakuwa mtu wa kunyamaza, hata akiwa na presha. Tekla hajamaliza kumwamkia, tayari shangazi amegeukia kitanda cha pili.

"Huyu ndiye niliyekuwa nakuambia. Wakili wetu. Haya, mweleze."

Kwenye kitanda kile alilala mwanamke wa makamo, mwenye uso mpana na nywele zilizosukwa zikaanza kufumuka. Aliitwa Recho, mtu wa Masasi, aliyekuja Dar es Salaam akiwa binti na kuishi humo hadi akapata mtoto wake, Blessing. Alimwangalia Tekla kidogo, kama anayepima kama inafaa kujisumbua.

"Shangazi yako ana maneno," alisema, na wote watatu wakacheka.

Kisha akaeleza. Alikuwa mama lishe Mikocheni, kwenye mtaa wa maghala na viwanda vidogo. Alipikia nje ya kiwanda kimoja cha vifungashio, ubavuni mwa ukuta wao, kwa sababu ukuta ule ulitoa kivuli kuanzia asubuhi mpaka watu wanapomaliza kula. Siku moja, mvua ya usiku ikiwa imekatika na jua limeanza kutoka, alikuwa ameinama anageuza chapati. Alisikia kama gari linamwaga kokoto, ukuta ukamwangukia. Alipopata fahamu alikuwa Muhimbili, mgongo umeshapasuliwa, na miguu yake iko pale chini ya shuka lakini haimjibu. Mwananyamala alikuwa amelazwa sasa kwa homa ya njia ya mkojo, maradhi yanayowaandama waliopooza.

"Wenye kiwanda walikuja?" Tekla aliuliza.

"Walikuja na juisi. Wakasema pole. Wakasema pia nilikuwa nimekaa sehemu isiyoruhusiwa."

Tekla alimwachia namba ya simu. Njiani kurudi nyumbani alijiambia kwamba kesi za namna ile zina watu wake, mawakili wa bima na ajali, na yeye angempeleka kwa mmoja wao. Aliwapigia wawili. Wa kwanza alisema mama lishe hana haki mahali alipojikalisha mwenyewe. Wa pili hakukataa, ila alimwambia Tekla amtafute baada ya Pasaka. Tekla alikata simu akakaa nayo mkononi. Wiki iliyofuata alienda mwenyewe Tandale, alikokuwa akiishi Recho na kaka yake, Fransis.

Fransis alikuwa fundi wa magari, mtu wa mikono mikubwa na maneno ya haraka. Ndiye aliyekuwa akimbeba dada yake kutoka kitandani kwenda bafuni na kumrudisha. Alimkaribisha Tekla kwa heshima, akamtafutia kiti, halafu akaingia moja kwa moja kwenye lililokuwa moyoni mwake.

"Dada wakili, mie naona hii ishu ni rahisi. Tuseme alikuwa anapita tu. Mpita njia. Nani atabisha? Masufuria yote yalifunikwa na matofali."

"Watabisha watu wote waliokula pale," Tekla alisema.

"Wafanyakazi wao hao. Hawatasimama kusema."

Recho alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango, akichambua mchele kwenye ungo mapajani. Hakuinua uso. "Fransis, mie nimepika pale tangu Blessing ana mwaka. Halafu nikasimame mbele ya watu niseme nilikuwa napita?"

Tekla aliona kwamba Fransis hajakubali. Wala hakumlaumu. Kaka mtu alikuwa anatafuta mlango wowote ulio wazi, na ule wa uongo ulionekana mpana kuliko mwingine. Tekla aliwaambia kwamba yeye hatausimamia uongo, na kwamba ukweli ungeifanya kesi iwe ngumu, na huenda wakashindwa.

"Sawa," alisema Recho. "Tuanze na huo ugumu."

Tekla aliandaa hati ya madai. Aliiandika kwa Kiingereza, maana huo ulikuwa mwaka wa mwisho kabla sheria haijabadilishwa na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Alisoma kesi za zamani za watu waliovunjika migongo, akajifunza namna mawakili wanavyowaeleza wateja wao, na akaandika kwa nguvu zake zote. Alipomaliza aliona ameandika vizuri. Alirudi Tandale akamsomea Recho, akitafsiri sentensi moja moja.

Recho alisikiliza mpaka mwisho. Hati ilisema kwamba mdai amebaki mwili usio na manufaa. Kwamba hana tena starehe yoyote ya maisha. Kwamba amekuwa mzigo wa kudumu kwa ndugu zake. Fransis, aliyesimama mlangoni, alianza kuangalia nje.

"Huyu mtu uliyemwandika humu mie simjui," Recho alisema.

"Ni lugha ya mahakama, Recho. Hakimu lazima aone ukubwa wa madhara."

"Mzigo. Nani amekuambia mie ni mzigo? Fransis, ndiwe umesema?"

"Sijasema mie," Fransis alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi ni wakili." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha jina lake lililoandikwa vibaya. "Dada Tekla, waambie nilichopoteza. Miguu nimepoteza. Biashara nimepoteza. Mume alikuwa anakujaga, sasa haji. Yote hayo waambie. Lakini usiwaambie nimekwisha, kwa sababu Blessing anajua kusoma, na siku moja ataisoma hiyo karatasi yako."

Tekla alirudi Tabata na hati yake. Miaka kadhaa baadaye, alipoulizwa na mawakili vijana ni wapi alijifunza kazi hii, aliwatajia nyumba ile ya Tandale. Kesi ya mtu aliyeumia inataka wakili atangaze hasara mbele ya yule yule aliyeipata. Kadiri anavyomwonyesha mteja wake kuwa ameharibika, ndivyo fidia inavyotarajiwa kukua, na mteja amekaa pale anasikiliza. Tekla hajawahi kulipatia jambo hili dawa. Alichofanya kwa Recho ni kukaa naye tena, kumuuliza siku yake inaendaje kuanzia anapoamka, na kuandika hivyo hivyo: anafanya nini, kwa shida gani, akisaidiwa na nani, na nini hawezi tena.

Ni katika mazungumzo hayo ndipo Recho alipotaja pikipiki. Hakuitaja kwa uzito wowote. Alikuwa akieleza jinsi biashara ilivyokuwa inakua, akasema miezi michache kabla ya ajali alipata nafasi ya kuongeza benchi la pili.

"Ulipataje nafasi?"

"Zamani wafanyakazi walikuwaga wanaegesha pikipiki zao hapo hapo ukutani. Halafu wakaambiwa wazihamishie upande wa geti. Mie nikafurahi, nikaweka benchi."

Tekla aliacha kuandika. "Waliambiwa na nani?"

"Sijui. Meneja nadhani. Rogers."

"Kwa nini?"

"Sikuuliza," alisema Recho. "Mie nilitaka kivuli tu."

Kesi ilipangwa kusikilizwa ghorofani, kwenye jengo lisilo na lifti. Siku ya kwanza Fransis alitaka kumbeba dada yake mgongoni. Recho alikataa. Alikaa chini ya ngazi kwenye kiti chake, katikati ya watu wanaopanda na kushuka, akasema yeye hapandishwi kama gunia. Tekla alipanda peke yake, akasimama mbele ya hakimu, akaeleza kwamba mdai yuko chini na anaomba mahakama imfuate. Wakili wa kiwanda, mzee mmoja mtaratibu aitwaye Sadallah, angeweza kupinga. Hakupinga. Hakimu aliangalia dirishani, akafunga jalada, akamwambia karani atafute chumba chini. Walisikiliza kesi kwenye chumba cha karibu na masjala, kilichojaa viti vibovu, na tangu hapo kila tarehe ya kesi ile ilifanyika humo.

Recho alitoa ushahidi wake bila kupamba. Wakili Sadallah alimhoji kwa upole, na upole wake ulikuwa hatari.

"Dada Recho, uliwahi kupewa kibali cha kukaa pale?"

"Hapana."

"Unajua kwamba ukuta ule ni mali ya kiwanda?"

"Ndiyo, najua."

"Na sasa hivi, unapika nyumbani?"

"Napika. Kaka yangu amenitengenezea jiko la chini."

"Kwa hiyo maisha yanaendelea."

Tekla alijua jibu linalomsaidia mteja wake, na alijua kwamba Recho hatalitoa.

"Yanaendelea," Recho alisema. "Naamka mapema zaidi kuliko zamani, kwa sababu kuvaa tu kunachukua muda wa mtu mwingine kupika chai na kuinywa. Lakini yanaendelea."

Hakimu aliandika. Ilikuwa vigumu kujua ameandika nini.

Upande wa kiwanda ulimleta meneja wake, Rogers. Alikuwa kijana aliyenyooka, shati limepigwa pasi, na alimkwepa Recho kwa macho tangu alipoingia. Akiongozwa na wakili wake, alisema kwamba kiwanda hakikumruhusu mtu yeyote kufanya biashara pale, na kwamba ukuta ulianguka kwa sababu ya mvua kubwa isiyotarajiwa.

Tekla aliinuka. Alikuwa na maswali mengi aliyoyajua majibu yake, na moja ambalo jibu lake hakulijua. Kila wakili anafundishwa asiulize swali la namna hiyo. Usiku uliotangulia alikuwa ameamua kutoliuliza, asubuhi akabadili mawazo, na hata sasa, akiwa amesimama, alikuwa bado hajaamua.

"Bwana Rogers, wewe chakula cha mchana ulikuwa unakula wapi?"

Rogers alikohoa. "Pale nje."

"Pale nje kwa nani?"

"Kwa dada Recho."

"Ijumaa alikuwa anapika nini?"

"Pilau." Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, na hakimu akainua macho.

"Mkurugenzi wako naye aliwahi kula?"

"Alikuwa anaagiza. Nilikuwa namchukulia mie."

"Uliwahi kumwambia dada Recho aondoke?"

"Hapana."

Tekla angeweza kukaa hapo. Alimtazama Recho, aliyekuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti yasiyomsikia. Akauliza.

"Pikipiki za wafanyakazi zilikuwa zinaegeshwa wapi?"

"Ukutani. Baadaye tukazihamisha."

"Nani aliamuru?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Rogers alimgeukia wakili wake. Wakili Sadallah aliinua kichwa taratibu kutoka kwenye karatasi zake. Chumbani palikuwa na feni moja inayogongagonga. Tekla hakulirudia swali. Baadaye alisema kwamba alikuwa anaogopa sawasawa na yule aliyeulizwa.

"Lori lilirudi nyuma likaugonga," Rogers alisema hatimaye. "Ukaanza kulala. Nikaona pikipiki za watu zitaharibika."

"Ukazihamisha pikipiki."

"Ndiyo."

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Nje, kwenye kibaraza, Rogers alikuja alipokuwa amekaa Recho. Fransis alipomwona alipiga hatua mbele, Tekla akamshika mkono. Rogers alisimama kwa mbali kidogo.

"Dada Recho."

"Rogers," alisema Recho. "Umekonda."

"Mie niliripoti juu kwamba ukuta urekebishwe. Wakasema mpaka mvua ziishe. Sikufikiria kwamba wewe..."

"Ulikaa kwenye benchi langu siku iliyotangulia," Recho alisema. "Ukuta ungeanguka siku hiyo, na wewe ungekuwa chini yake."

Rogers aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Fransis alimlaumu dada yake njia nzima kwa kuongea naye. Recho alimwambia kwamba yule kijana angeweza kusema uongo wa neno moja tu, akarudi kazini kwake kwa amani, na hakusema. Miezi michache baadaye walisikia hayupo tena kiwandani. Hawakujua kama aliondoka au aliondolewa.

Hukumu ilisomwa sheria ikiwa imeshabadilika, kwa hiyo ilisomwa kwa Kiswahili. Tekla alikuwa amezoea kukaa karibu na wateja wake na kuwanong'oneza maana. Siku ile hakuwa na kazi hiyo. Alikaa tu. Hakimu alisoma kwamba mdaiwa alijua ukuta ni hatari. Kwamba alimvumilia mdai kukaa pale na kunufaika naye. Kwamba aliyeona vema kuokoa vyombo vya moto asingeweza kusema hakuiona hatari iliyomkabili binadamu. Alisoma pia habari za Recho mwenyewe, kuamka kwake, jiko lake la chini, na kwamba mahakama imemwona kuwa shahidi mkweli hata pale ukweli ulipokuwa hauna faida kwake.

Recho alisikiliza bila kugeuka. Walipotoka aliuliza, "Lile neno la mwisho, la shahidi mkweli. Linabaki humo humo kwenye maandishi?"

"Linabaki."

"Basi Blessing aje alisome hilo."

Kiwanda kilikata rufaa, na rufaa ikachukua muda, kama zinavyochukua. Katika kipindi hicho Recho aliugua mara mbili, mara ya pili vibaya, na Tekla akafika Mwananyamala mara nyingi akiwa si wakili wala nani, mtu wa kuleta uji tu. Rufaa ilitupwa. Fidia ilitoka, pungufu ya walivyoomba, ikatosha nyumba ndogo Tabata isiyo na ngazi, na banda la chakula mbele yake lenye meza na meko ya kimo cha mtu aliyekaa. Recho anafanya kazi humo na mwanamke mwingine anayebeba masufuria mazito. Wapo wateja wanaokuja kwanza kwa udadisi. Wakishaonja chapati wanarudi kwa ajili ya chapati.

Tekla aliacha viwanja na mirathi. Hakuna siku aliyotangaza. Ni wateja waliobadilika. Alikuja dereva wa bodaboda aliyekatwa mguu. Alikuja mama aliyeungua kwa mtungi wa gesi uliovuja. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, na baada ya kumwona mtu wa tatu akipandishwa kwa mikono ya wapita njia, alihama. Sasa yuko chini, Mwananyamala, chumba kinachotazamana na duka la dawa, na milango yake ilipanuliwa na fundi mpaka kiti cha magurudumu kikaweza kugeuka.

Hakushinda zote. Anayemkumbuka zaidi ni Fakihi, mchonga vinyago kutoka Mtwara. Fakihi alifanyia kazi kwenye karakana ya mtu. Msumeno wa umeme uliondolewa kinga yake ili ukate haraka, ukamkata vidole vya mkono wa kulia. Bosi wake alimwambia atulie, atamsaidia, na Fakihi akatulia. Alipofika kwa Tekla, muda unaoruhusiwa kisheria kufungua madai ulikuwa umepita. Tekla alitafuta kila njia. Aliomba kwa waziri kuongezewa muda, maana sheria inampa waziri mamlaka hayo, na ombi likakataliwa.

Alimwita ofisini kumweleza. Fakihi alisikiliza, mkono mbovu umefichwa mfukoni.

"Kwa hiyo ningekuja mapema," alisema.

"Ungekuja mapema, ndiyo."

"Nilikuwa nangoja ahadi ya mtu." Alifikiri kidogo. "Ahsante, mama. Wewe umeniambia ukweli."

Shukrani ile ilimkaa Tekla vibaya. Alizoea kulaumiwa, na lawama alijua pa kuiweka. Kwa siku nyingi alifungua mafaili ya wengine akamwona Fakihi anavyotoka mlangoni, anafungua kwa mkono wa kushoto, mlango unamshinda, anajaribu tena.

Maadili ya mawakili hayaruhusu kuzunguka wodini kutafuta wateja, na Tekla hakutaka kuyavunja. Alichoanza ni kuzungumza. Jumapili baada ya misa, Ijumaa alasiri alipokaribishwa na kamati ya msikiti, siku nyingine kwenye vijiwe vya bodaboda, anasimama na kueleza mambo machache: mtu akiumia afanye nini, asikubali kungoja ahadi ya nani, muda unahesabiwa kuanzia lini. Akimaliza anawaambia wamtafute wakili yeyote, si lazima yeye.

Mwezi uliopita alikuwa Tabata, kwenye kijiwe karibu na stendi. Madereva walisikiliza huku jicho moja liko barabarani. Mmoja wao, mtu mzima aitwaye Salumu, aliuliza swali ambalo huulizwa kila mahali kwa maneno tofauti.

"Shikamoo mama. Sasa mtu akishavunjika, hata akishinda, si ameshavunjika? Hiyo kesi ya nini?"

"Marahaba," Tekla alisema. Alikuwa na jibu la kisheria, la fidia na wajibu, na alishalitoa mara nyingi. Safari hii aliona halitoshi. "Hata mie huwa najiuliza. Wengine wanataka wapate cha kuishi nacho. Wengine wanataka aliyewaumiza aseme mbele ya watu kwamba ndiye. Wengine sijui wanataka nini, na wao hawajui, tunajua tukifika huko mbele."

Salumu alitafakari. "Na wasiofika mbele?"

"Hao nakaa nao," alisema Tekla.

Abiria alikuja akaita, Salumu akavaa kofia yake ngumu. Kabla hajawasha pikipiki aliuliza ofisi iko wapi, si kwa ajili yake, alisema, kwa ajili ya shemeji yake aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi Kimara. Tekla aliuliza ameanguka lini. Salumu akamwambia, na Tekla akasema bado kuna muda, amlete kesho.